Mjukuu Wangu Amenipima kwa Ufito Nikiwa Hai

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na kabla hujanisaidia ujue kwanza unamsaidia nani. Mimi ni Shivachi wa karibu na Isecheno, pale msitu unapoishia na mashamba yetu yanapoanza, na umri wangu ni miaka sabini, wengine wanasema na zaidi, sibishani nao. Nilibeba mizigo ya jeshi, ile Kariakoo, katika vita vya Mjerumani, wenzangu wengi wakabaki huko kwa kuhara, mimi nikarudi kwa miguu yangu. Nzige walikula kila kitu, mimi hawakunila. Wazungu wa dhahabu wakaja wakachimbachimba mito yetu wakaondoka, mimi nipo. Nimewazika machifu wanne na wake wawili na karibu meno yangu yote, na bendera ya Mwingereza niliiona ikipandishwa nikiwa kijana na juzi juzi nikaiona ikishushwa nikiwa nimesimama mbele kabisa, hakuna aliyethubutu kunisukuma nyuma. Kwa hiyo mimi si mtu wa kupimwapimwa. Haya naandika kwa mkono wangu, sikumpa karani, maana karani angepunguza hasira.

Shida ni mwalimu. Shule yetu ilipata mwalimu msichana, jina lake Musimbi, wa kutoka Maragoli, katoka chuo cha ualimu na viatu vyeupe, na tangu aingie pale hakuna tena kusoma, kuna kucheza. Mimi nimesoma, Mshauri, usinione hivi. Nilisoma kwa mapadri mpaka nikajua kusoma na kuandika na hesabu, na sisi tulikuwa tunakaa wote tunatazama mbele, mwalimu anasema tunarudia, anasema tunarudia, ukikosea kiboko, ukicheka kiboko, ukiuliza viboko viwili. Na hesabu iliingia. Mpaka leo ukiniamsha usingizini ukiniuliza saba mara nane nitakujibu hamsini na nne bila kupepesa jicho. Sasa huyu Musimbi amesukuma madawati yakaangaliana, watoto wanakaa kwa makundi kama watu wa sherehe, nusu yao wamempa mwalimu mgongo na yeye anafurahi. Kwenye pembe ya darasa amefungua duka la mikebe mitupu, udongo ndio sukari, mchanga ndio chumvi, watoto wanauziana na kupunguziana bei asubuhi nzima na eti hiyo ni hesabu. Siku nyingine anawatoa nje na kamba wapime uwanja wa mpira. Nilikwenda mimi mwenyewe nikasimama dirishani nisikie anafundisha nini, na wallahi hafundishi kitu, anauliza tu. Mtoto akijibu, yeye anasema, "Umejuaje?" Mtoto akieleza, anamgeukia mwingine, "Na wewe unakubali?" Mwalimu hajui majibu, anayaomba kwa watoto!

Ugonjwa huo ukaingia kwangu. Nina mjukuu, Jescah, binti wa mwanangu Phineas aliye kazi ya reli Nakuru, na mtoto huyu tumemlea sisi, mimi na mke wangu Kageha, tangu alipoacha kunyonya. Yuko darasa la mwisho, mwaka huu ndio mtihani wa kwenda sekondari, na ni wa kwanza darasani, akili hiyo ameitoa kwangu. Basi tunakula, mimi naeleza kwamba fahali wangu ni mkubwa kuliko fahali wote wa Isukha, jambo ambalo kila mtu analijua, mtoto anaweka tonge la obusuma chini ananiangalia, "Kuka, umejuaje? Ulipima?" Mimi, babu yake! Kageha akacheka mpaka akakohoa. Nikaendelea kula, na hapo ndipo nilipokosea, ningemaliza jambo hilo siku hiyo hiyo.

Sasa sikia. Jumamosi moja fahali wangu alipigana na fahali wa Shitanda, jirani yangu, na akamfukuza mpaka ndani ya mahindi, watu wakaimba jina langu mpaka nyumbani, tukakaa kwenye chungu cha busaa na mirija yetu, nikanywa kama mshindi anavyokunywa. Jua likiwa bado kali nikajilaza kando ya ghala, kwenye kivuli, nikajikunja ubavu mmoja. Tafadhali kumbuka hilo, kwamba nilikuwa nimejikunja, magoti yalikuwa karibu na tumbo, maana litakuja tena.

Ndani ya usingizi nasikia kitu kinanigusa kisigino, halafu kinanigusa utosini. Nafungua jicho moja. Jescah amepiga magoti nyuma yangu, ameshika ufito ameunyosha sambamba na mimi, kisu mkononi, anatafuta mahali pa kukata. Ananinong'oneza, "Usisogee, kuka, namaliza."

Mshauri, kama wewe ni mtu wa mbali nikueleze. Kwetu mtu anapimwa kwa ufito mara moja tu. Amekufa, amelazwa, mzee wa ukoo anachukua ufito anampima kutoka utosini hadi kisigino, anaukata hapo, wachimbaji wanaupeleka kaburini wajue shimo liwe refu kiasi gani. Ufito huo hauna kazi nyingine duniani.

Na kabla sijapata sauti ya kumfokea, Kageha akatokea kutoka mtoni na mtungi kichwani. Akaniona nimelala. Akamwona mtoto na ufito. Mtungi ukaanguka ukavunjika na mama huyo akapiga yowe, yowe lile lenyewe, la msiba, na wewe unajua yowe la msiba halirudishwi mdomoni. Mlima wa pili wakajibu. Ng'ambo ya mto wakajibu. Mimi nimeshasimama nasema, "Kageha, nyamaza, niko hapa!" na yeye amefumba macho anazunguka boma akilitaja jina langu na sifa zangu, ambazo, nikuambie kweli, zilikuwa nzuri na sijawahi kuzisikia kwake nikiwa hai.

Watu wakaja mbio. Na wa kwanza kufika ni nani? Shitanda. Na ameshika nini? Jembe. Jasho linamtoka. Ananitazama juu mpaka chini.

"Shivachi," anasema, "umekufa au hujakufa?"

"Unaniona nimesimama, mjinga wewe!"

"Naona. Nauliza tu, maana nimeacha palizi yangu katikati."

"Ndiyo umekuja na jembe? Hata kunililia hujanililia, unakimbilia kunizika?"

"Wa kulia walikuwa wengi," akasema, "wa kuchimba sikuona." Akakaa chini akaomba busaa iliyobaki. Watu wakacheka. Nyumbani kwangu, siku ya ushindi wangu, watu wakacheka.

Haikuishia hapo. Mpumbavu mmoja alikuwa ameshapanda baiskeli kupeleka habari, na dada yangu Navalayo, aliyehamia Lumakanda kwenye mashamba ya skimu, kesho yake akaja na lori zima la watu wanalia kutoka barabarani. Wakanikuta nakula. Dada yangu akanitazama kana kwamba nimemwibia. Wakasema wametoka mbali na wamelia njia yote, hawawezi kurudi na njaa, wakamaliza kila ingokho ya Kageha mpaka jogoo.

Jumatatu nikaenda shule. Nikaingia darasani bila kubisha, kwani nani atanifungia mlango. Nikaona, Mshauri, fito zimesimamishwa ukutani, nyingi, zimepangwa kutoka fupi kwenda ndefu, kila moja imebandikwa karatasi ya jina la mzee. Wazee wote wa kijiji wamesimamishwa ukutani kama maiti zinazongoja zamu! Natafuta jina langu. Natafuta upande wa fito ndefu, silioni. Natafuta katikati, silioni. Nalikuta kule mwisho, la pili kutoka ufupi, baada ya bibi mmoja mwenye kibiongo. Na Shitanda yuko juu huko, ananipita kwa mkono mzima.

"Mulembe, kuka, karibu," anasema huyo Musimbi bila aibu. "Watoto wanatafuta wastani wa urefu wa wazee wetu."

"Wastani ni jina la kaburi siku hizi?"

"Niliwaambia wampime mzee amesimama mlangoni, na waombe ruhusa kwanza." Akamgeukia Jescah. "Uliomba?"

Mtoto akatazama chini. "Angekataa, mwalimu."

"Na ufito mimi sikusema," akasema mwalimu. "Nilisema kamba."

"Kamba ilikatika," Jescah akasema, na darasa zima likacheka, na mimi nikamshika mkono nikatoka naye. Nikaapa mbele ya liguru wetu, ambaye ndiye mkubwa wa kijiji, kwamba Jescah hatakanyaga shule ile maadamu ufito wangu uko humo.

Sasa huu ndio mtego. Mwalimu alikuja nyumbani amenifungia ufito kwa karatasi, kwa heshima, anasema, "Kuka, nimekuletea, nisamehe." Nikamwambia, unaniletea kaburi langu mlangoni? Niupokee kwa mikono yangu? Toka nao! Akasema basi auchome. Nikamwambia ukiuchoma umenichoma mimi. Akasema auache pale shuleni. Nikamwambia ukikaa pale mtoto harudi. Akaniuliza taratibu, "Basi, kuka, wewe unataka uende wapi?" Nikamfukuza. Tangu siku hiyo ufito umerudi ukutani, pale pale karibu na kibiongo, kila mtu anauona, na ni uongo, maana nilipimwa nimejikunja! Mimi nikisimama Shitanda ananifika begani!

Mwalimu mkuu ameleta neno kwamba Jescah asiporudi kabla ya mwezi huu kwisha atamfuta jina kwenye mtihani. Phineas amenitumia salamu kutoka Nakuru, salamu za matusi ya adabu. Kageha ananipakulia chakula akiwa amenigeuzia mgongo. Na mtoto mwenyewe halii, hilo ndilo linaniudhi zaidi. Nimempeleka achunge ng'ombe, nikaenda kumwangalia, nikamkuta amewakusanya wachungaji wadogo, ambao hata shule hawaijui, amewaketisha kwa makundi na kokoto, anauliza, "Umejuaje? Na wewe unakubali?"

Niambie, Mshauri, niandike kwa nani ili mwalimu huyu ahamishwe na kile kiboko cha zamani kirudi, na ule ufito nifanye nao nini, kwa sababu kiapo nimekula na mimi sijawahi kurudisha kiapo. Sijui wewe ni mwanamume au mwanamke, lakini jibu kama mwanamume.

Kama unadhani nimeongeza chumvi, waulize hawa: liguru wetu, aliyesikia kiapo changu, Dauda wa Mumias, mwenye duka pale sokoni, aliyekuwa wa pili kufika na sanda ameshaikata, dada yangu Navalayo wa Lumakanda, akikubali kusema nawe, na hata Shitanda muulize, maana ni adui lakini si mwongo.

Shivachi, Isecheno, Kakamega

*

Mzee Shivachi,

Mimi ni mwanamke, na nilifundisha darasani kabla sijakaa kwenye meza hii, kwa hiyo nitakujibu kama mwanamke aliyewahi kushika chaki. Ukitaka jibu la kiume, Shitanda alishakupa.

Kwanza pole. Kuamshwa na ufito wa maiti mgongoni si mchezo, na kusikia mkeo anakulilia ukiwa na pumzi zako ni jambo la kumtetemesha mtu yeyote. Ningekuwa wewe ningepiga kelele pia. Mjukuu wako alikosa: hakuomba, alijua utakataa, akakuvizia ukiwa umelala. Hilo mwambie, na umwambie kwa uzito. Na wewe Mwalimu Musimbi, ikiwa unalisoma gazeti hili: unapowatuma watoto nyumbani kwa watu kujifunza, nenda wewe kwanza, kaa na wazee, uliza mambo gani hayaguswi. Umesomea kazi yako vizuri, lakini umezaliwa Maragoli, hukuzaliwa ng'ambo, maana ya ufito unaijua. Ufito ulipoingia darasani ulipaswa kuutoa palepale, si kuupanga ukutani na kubandika jina.

Basi, huruma yangu imeishia hapo, mzee wangu. Sasa keti.

Saba mara nane ni hamsini na sita. Viboko vya mapadri vilikufundisha kutopepesa jicho, hesabu havikukufundisha. Umeishi na kosa hilo vita vyote viwili, nzige, dhahabu na Uhuru, kwa sababu hakuna mtu hata mmoja aliyepata ruhusa ya kukuuliza umejuaje. Na unataka kumrudishia mjukuu wako shule ya namna hiyo? Unalalamika kwamba watoto wanacheza duka la udongo. Mtoto aliyenunua sukari ya udongo na kudai chenji yake hadanganywi sokoni. Unalalamika kwamba mwalimu anauliza badala ya kusema. Na wewe mwenyewe umeniambia, kwa mkono wako, kwamba Jescah ametolewa shuleni na bado shule imemfuata malishoni, na watoto ambao hawajawahi kushika kalamu wamekaa chini wanafikiri. Nilifundisha miaka mingi kwa kuimbisha na kupiga. Sikupata mwanafunzi mmoja aliyelipenda somo langu kiasi cha kulipeleka kwa ng'ombe. Unaomba mwalimu huyo ahamishwe? Mimi ningeomba waniletee wangu.

Umenitajia mashahidi wanne. Liguru, muuza sanda, dada aliyekasirika na adui yako. Mtoto ambaye mwaka wake unapotea hukumtaja kati yao. Umeshamuuliza yeye anataka nini, au unaogopa atakachojibu?

Sasa ule ufito. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kila ukifika kwenye kaburi hasira inakuwa kubwa, lakini ukifika kwa Shitanda inakuwa kubwa zaidi. Unaniambia ufito ule ni wa kaburi lako. Unaniambia pia ni uongo, kwa sababu ulikuwa umejikunja. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili, mzee. Ama ufito ule ni kipimo chako, na wewe ni mfupi kuliko Shitanda kwa mkono mzima. Ama si kipimo chako, na hakuna kaburi la mtu yeyote lililopimwa siku ile, na mtoto alikata kijiti tu kando ya ghala. Chagua moja, uchague leo.

Ukichagua la pili, na najua utalichagua, basi kiapo chako hakina kitu cha kushikilia. Uliapa kwamba mtoto harudi maadamu ufito wako uko mle. Ufito wako haumo. Haujawahi kuwamo. Mwite liguru umweleze hivyo, na akikubisha mwonyeshe barua hii.

Halafu fanya nitakayokuambia. Jumatatu amka mapema, uoge, uvae koti lako, umchukue Jescah mwende pamoja. Usimtume na mtu. Mwalimu Musimbi akuombe radhi mbele ya darasa, na Jescah akuombe radhi mbele ya darasa, maana ulichekwa mbele ya darasa. Jescah aliyeukata ufito auvunje yeye mwenyewe vipande na kuutupa kwenye jiko la chai la walimu, kama kuni nyingine yoyote. Fito nyingine zote zitolewe ukutani, kila mtoto aende na wa kwao. Kisha wewe, kwa hiari yako, vua kofia, simama wima kwenye mwimo wa mlango, mgongo na visigino vikigusa mti, watoto wakuwekee alama ya chaki. Maiti hapimwi kwa chaki, wala hapimwi akiwa amesimama anagombana na watu. Wazee wengine wakikuona wewe umekubali watakuja kupimwa vivyo hivyo, na Shitanda naye atakuja, hawezi kukuacha peke yako kwenye mlango ule.

Usisimame kwa ncha za vidole. Watoto wa mwalimu yule wataona, na watauliza.

Na alama ya Shitanda ikikupita, ikupite. Usiombe kupimwa tena, usitafute kosa kwenye chaki. Toka nje, uwafungie mlango, uwaache wamalize hesabu yao.

Mshauri